SOMO LA AKINA MAMA: KUFUNGA WAKATI WA KUNYONYESHA

Kusoma: 1 Samweli 1:21-24, Isaya 58:6-7

Wako mama hapa Bangboka ambao, wakiisha kuzaa na kuona tumbo halijarudi, wanafunga siku tatu kwa maji ya ndimu na dawa ya kuharisha, ili kusafisha damu na kupungua. Wengine wanaita jambo hili saumu.

Saumu ya Isaya ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula. Kufunga kwa ajili ya kiuno ni jambo lingine. Kusafisha damu, Mungu ameweka ini na figo. Kuharisha kunatoa maji. Ukinywa tena, uzito unarudi. Tena mtoto, mpaka miezi 6, anaishi kwa maziwa ya mama peke yake.

Mtazameni Hana. Elkana alipopanda Shilo kutoa dhabihu ya mwaka, Hana alibaki nyumbani mpaka Samweli aachishwe ziwa. Mume alikubali, wala Mungu hakumhesabia deni. Basi mkutano ukifunga, mama anayenyonyesha ale, na aombe.

Kazi ya Papa Simon Kimbangu ilianza tarehe 6 Aprili 1921 kwa kuponywa mwanamke mgonjwa. Tusiudhoofishe mwili ambao Bwana anauponya.

Mama, kula sombe, maharagi na samaki, punguza sukari, tembea. Uzito utashuka polepole.

Swali kwa akina baba: Elkana alimwachia Hana nafasi. Wewe unamwachia mama wa mtoto sehemu gani ya chakula?