Herufi 160 na Uhai wa Mama: Kazi na Mipaka ya Ujumbe wa Simu

Utangulizi

Uzazi si ugonjwa. Hata hivyo, ni miongoni mwa nyakati chache katika maisha ya binadamu ambapo mtu mwenye afya njema asubuhi aweza kuwa mahututi kabla ya jua kuchwa. Kwa sababu hiyo jamii zote zimejiwekea njia za kumwangalia mama mjamzito na kumpa mawaidha: mama mkwe, shangazi, mkunga wa jadi, na katika zama hizi, muuguzi wa kliniki. Katika miaka ya karibuni ameongezeka mshauri mwingine, ambaye hana sauti wala uso, naye ni ujumbe mfupi wa simu ya mkononi.

Mnamo Novemba 2012 Wizara ya Afya ya Tanzania ilizindua kampeni iliyoitwa Wazazi Nipendeni. Mjamzito aliandika neno moja tu katika simu yake, MTOTO, akalituma kwa namba 15001 bila malipo. Tangu hapo alipelekewa ujumbe kwa Kiswahili uliofuata umri wa mimba yake: kuhudhuria kliniki, kulala ndani ya chandarua, kuzitambua dalili za hatari, na baadaye kumtunza mtoto mchanga. Mipango ya namna hii imeanzishwa pia katika nchi nyingine za Afrika. Afrika ya Kusini, kwa mfano, ilianzisha mpango wake wa MomConnect mwaka 2014.

Je, maneno machache yanayosomwa katika kioo cha simu yaweza kuokoa maisha? Na kama yaweza, ni maisha ya nani? Katika makala haya tutajaribu kuyajibu maswali hayo mawili. Tutaanza na ujumbe wenyewe, kisha tutatazama jaribio moja la kisayansi lililofanywa Unguja na Pemba, na mwishoni tutaonyesha mpaka ambao ujumbe hauwezi kuuvuka peke yake.

Ujumbe mfupi ni kitu gani?

Simu ya mkononi na mnara huzungumza daima, hata pale mwenye simu anapokuwa kimya. Simu humjulisha mnara mahali ilipo, na mnara huijulisha simu kwamba kuna mtu anayeipigia. Mazungumzo haya hupita katika mkondo mwembamba wa ishara, ulio mbali na mkondo mpana wa sauti. Katikati ya miaka ya 1980, wahandisi wa Ulaya waliokuwa wakiunda mtandao mpya wa simu walitambua kwamba mkondo huo wa ishara una nafasi inayobaki bure, na kwamba maandishi mafupi yangeweza kupitishwa humo kwa gharama ndogo. Mmoja wao, Mjerumani Friedhelm Hillebrand, alipiga chapa sentensi za kawaida na kuzihesabu herufi zake. Aliona kwamba sentensi nyingi hazifiki herufi 160. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992.

Kipimo hicho cha 160 kina hesabu yake. Kila ujumbe una nafasi ya biti 1,120. Herufi moja ya alfabeti ya Kilatini huhitaji biti 7, na 1,120 ukigawa kwa 7 unapata 160, ambamo nukta na nafasi baina ya maneno huhesabiwa pia. Lugha zinazoandikwa kwa herufi za Kiarabu au za Kihabeshi hutumia biti 16 kwa kila herufi, na kwa hiyo hubakiwa na herufi 70 tu. Kiswahili cha leo, kwa kuwa huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada, hupata nafasi yote.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba ujumbe hausafiri moja kwa moja. Hupokelewa kwanza katika kituo cha ujumbe, ambacho huuhifadhi mpaka simu ya mpokeaji ionekane mtandaoni. Mama aliyezima simu ili kutunza betri, au aliye bondeni ambako mnara haufiki, ataupata atakapoiwasha au atakapopanda kilimani. Maongezi ya simu humtaka mtu awepo saa ile ile, ujumbe humngoja. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuufanya ufae kwa elimu ya afya.

Jaribio la Unguja na Pemba

Kupeleka ujumbe ni kazi rahisi. Kuthibitisha kwamba umeleta faida ni kazi ngumu zaidi. Tukiwalinganisha wanawake waliojiandikisha kwa hiari na wale ambao hawakujiandikisha, tutakuwa tumejidanganya, kwa maana anayejiandikisha huenda tangu mwanzo ni mwenye elimu zaidi, au anaishi karibu na hospitali, au ana mume anayejali. Faida tutakayoiona yaweza kuwa imetokana na mambo hayo wala si na ujumbe.

Kati ya mwaka 2009 na 2010 watafiti walifanya jaribio Zanzibar lililoukwepa mtego huo. Walichukua vituo vya afya ya msingi 24 katika wilaya sita, wakavigawa kwa bahati nasibu. Wajawazito wa upande mmoja walipata huduma ya kawaida pamoja na msaada wa simu. Wa upande wa pili walipata huduma ya kawaida peke yake. Waligawa vituo wala hawakugawa wanawake, kwa sababu wanawake wa kituo kimoja hukaa benchi moja na kupashana habari. Jumla ya wanawake 2,550 waliandikishwa katika hudhurio lao la kwanza la kliniki na kufuatiliwa hadi siku ya 42 baada ya kujifungua.

Msaada wa simu ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ujumbe wa mawaidha na makumbusho. Ya pili ilikuwa vocha ya simu, ili mama aweze kumpigia mhudumu wa afya anapokuwa na swali au anapopatwa na dharura. Kwa maneno mengine, mama hakuwa msikilizaji tu. Alipewa njia ya kujibu.

Matokeo yalikuwa haya. Katika kundi lililopata msaada wa simu, wanawake 60 katika kila 100 walijifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi. Katika kundi la pili walikuwa 47. Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa 44 katika 100 upande wa kwanza, na 31 upande wa pili. Aidha, vifo vya watoto, yaani wale waliozaliwa wafu na wale waliofariki katika juma la kwanza wakihesabiwa pamoja, vilikuwa 19 katika kila uzazi 1,000 palipokuwa na msaada wa simu, na 36 pasipokuwa nao.

Basi swali letu la kwanza limejibika: maneno machache, yakiambatana na njia ya kumfikia mhudumu, yaweza kuokoa maisha. Lakini watafiti walipowatenga wanawake wa mjini na wale wa mashamba, waliona jambo linalostahili kutufikirisha. Ongezeko la kuzalishwa na wahudumu wenye ujuzi lilionekana wazi kwa wanawake wa mjini. Kwa wanawake wa mashamba, msaada wa simu haukuleta mabadiliko ya kuthibitika katika jambo hilo.

Kuchelewa kwa aina tatu

Ili kulielewa tokeo hilo, hatuna budi kukumbuka fikra iliyoelezwa na wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, mwaka 1994. Walisema kwamba mama anayefariki kwa ajili ya uzazi aghalabu huwa amecheleweshwa katika mojawapo ya hatua tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua: dalili haikutambuliwa, au ilitambuliwa lakini ruhusa ya mume au fedha ilisubiriwa. Pili ni kuchelewa kufika: uamuzi umetolewa, lakini gari halipo, barabara imekatika, au bahari imechafuka. Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa: mama amefika, lakini mkunga ni mmoja kwa wagonjwa wengi, damu haipo, au daktari wa upasuaji yuko mbali.

Tukiutazama ujumbe wa simu kwa kipimo hicho, tunaona mara moja mahali pake. Ujumbe hufanya kazi katika kuchelewa kwa kwanza. Humwambia mama kwamba maumivu makali ya kichwa pamoja na maluweluwe si uchovu wa kawaida, na kwamba kutokwa na damu wakati wa ujauzito hakungojewi. Ujumbe haulainishi barabara wala haumwongezi mkunga zamu ya usiku. Mama wa mjini aliyeamua usiku wa manane aweza kupata gari akafika hospitali. Mwenzake wa shamba, aliyesoma maneno yale yale na kuamua vivyo hivyo, huamka akakuta mlangoni giza na mwendo mrefu. Hatuwezi kudai kwamba jambo hili peke yake linaeleza tofauti yote iliyoonekana, lakini ni wazi kwamba elimu iliyo sawa haizai matunda sawa pale ambapo njia hazilingani.

Mtoto mchanga

Suala hili si la nadharia tu. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto, makadirio ya vifo vya uzazi Tanzania yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015–16 hadi 104 katika utafiti wa mwaka 2022. Haya ni maendeleo makubwa. Lakini katika tafiti hizo hizo, vifo vya watoto walio chini ya siku 28 vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, kisha 24. Kichanga hajafaidika kama alivyofaidika mama yake.

Kwa hiyo ujumbe unaomhusu mtoto mchanga una thamani ya pekee. Mambo ya kufundisha ni machache: kumweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa; kumnyonyesha ndani ya saa ya kwanza; kuchelewesha kumwogesha hadi saa 24 zipite; na kuzijua dalili za hatari. Dalili hizo ni kushindwa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, joto kali au ubaridi wa mwili, kulegea, na manjano katika viganja na nyayo. Hali ya mtoto mchanga hubadilika kwa saa, si kwa siku. Tuchukue mfano wa ujumbe tuliouandaa kwa ajili ya makala haya:

“Mama, mtoto mchanga asiyenyonya vizuri, mwenye joto kali au anayepumua haraka yumo hatarini. Usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya sasa hivi.”

Msomaji akihesabu atapata herufi 144. Ujumbe huu unataja dalili, unataja wakati, na unataja tendo. Wataalamu wengi wangeridhika nao. Lakini mama aliye mbali na kituo, akiusoma saa nane za usiku, atauliza swali moja ambalo ujumbe haukulijibu: nimpeleke kwa kitu gani?

Kuunganisha neno na gari

Jibu la swali hilo limeanza kupatikana nchini. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga na ambao serikali ilianza kuueneza nchi nzima mwaka 2022, unatumia simu si kwa mawaidha bali kwa usafiri. Mama mwenye dharura, au jirani yake, hupiga namba 115 bila malipo. Anayepokea humhoji kwa utaratibu uliopangwa, hupima uzito wa dharura, kisha hutuma gari la wagonjwa. Gari hilo lisipokuwa karibu, huitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa na kufundishwa, ambaye hulipwa nauli kwa njia ya simu. Hapa simu imeingia katika kuchelewa kwa pili.

Turudi sasa katika ujumbe wetu wa herufi 144. Zimebaki nafasi 16. Maneno “Piga 115 bure.” pamoja na nafasi inayoyatangulia huchukua 15. Ujumbe mzima unakuwa na herufi 159, nao unaenea. Ujumbe wa kwanza ulimpa mama hofu na wajibu. Huu wa pili umempa pia njia.

Yapo masharti mengine tutakayoyataja kwa ufupi. Simu nyingi za nyumbani humilikiwa na mume, kwa hiyo mume naye aandikiwe, lakini siri za mama zisiwekwe katika ujumbe ambao kila mtu aweza kuusoma. Asiyejua kusoma apatiwe njia ya sauti. Na ujumbe usimtume mama katika kituo kisicho na mkunga wala dawa, kwa kuwa atakayerudi mikono mitupu leo hatausadiki ujumbe wa kesho.

Hitimisho

Tumeona kwamba ujumbe mfupi ni chombo cha bei nafuu, chenye subira, na kinachokubaliana na lugha yetu. Tumeona pia kwamba nguvu yake huishia pale uamuzi unapokamilika. Kutoka hapo mama huhitaji gari, na kutoka kwenye gari huhitaji mkunga. Kwa hiyo anayepanga kutuma ujumbe wa uzazi katika wilaya asianze kwa kuuliza ni simu ngapi zilizopo. Aanze kwa kuuliza: mama akiutii ujumbe huu usiku wa leo, atafikaje, na atamkuta nani?

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini watafiti wa Zanzibar waligawa vituo kwa bahati nasibu, badala ya kuwagawa wanawake wa kituo kimoja?
2. Katika kijiji chako, ni kuchelewa kupi kati ya kule kwa aina tatu kunakowasumbua zaidi akina mama? Toa mifano.
3. Andika ujumbe mmoja kwa mume wa mjamzito usiozidi herufi 160. Hakikisha kwamba unataja tendo, na pia njia ya kulitimiza.