Marakuja ya Porini

Someni kwanza 2 Wafalme 4:38–41.

Wakati wa Elisha palikuwa na njaa huko Gilgali. Mtu mmoja alitoka kutafuta mboga, akaona mmea wa porini unaotambaa, akachuma matunda yake mpaka nguo yake ikajaa. Akayakatakata ndani ya chungu, wala hakuna aliyeyajua. Walipoonja tu, wakatambua kwamba chakula kile kingewaua. Angalieni, mtu yule hakuwa mchawi wala adui. Alikuwa na njaa, na mmea hakuujua. Hapa Ituri tangu vita vilipowafukuza watu wengi mashambani mwao, watoto wengi hutafuta cha kula porini. Kwa hiyo somo hili ni letu.

Katika Kongo yetu uko mmea ambao mara nyingi watoto huujua kuliko wazazi. Ni ndugu mdogo wa marakuja yanayouzwa sokoni Bunia. Hupenda mahali penye joto: kando ya njia, juu ya ua, katika mashamba yaliyoachwa. Una vikono vyembamba vinavyojizungusha penye kijiti. Majani yake yana manyoya, na ukiyafikicha yananuka vibaya. Ndiyo sababu Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, aliuita Passiflora foetida mwaka 1753. Neno la pili maana yake ni lenye kunuka. Haukuzaliwa Afrika. Ulitoka Amerika, kama mihogo na mahindi.

Ua lake ni jeupe au la zambarau kidogo. Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Hispania walipoangalia maua ya jamaa hii huko Amerika waliona mateso ya Kristo: nyuzi za katikati ni taji la miiba, vichwa vitatu ni misumari, na vile vitano vya chini yake ni majeraha. Sisi hatujengi fundisho juu ya ua, maana msalaba tunaujua kwa Neno. Lakini si vibaya mtu akiona ua akamkumbuka Bwana wake.

Sasa tazameni tunda. Limefunikwa na wavu wa nyuzi za kijani, na kila uzi una vitone vya utomvu unaonata. Wadudu wadogo wakija kulitoboa tunda changa hunaswa pale na kufa. Huo ni ulinzi wa kwanza. Wa pili hauonekani: majani na matunda mabichi yana sumu iitwayo sianidi. Ni sumu ileile iliyo katika mihogo michungu, ambayo mama zetu huilowesha majini siku kadhaa na kuianika juani kabla ya kuitwanga. Wako viwavi wa vipepeo vyekundu ambao hula majani ya jamaa hii bila kufa, na miili yao huwa michungu hata ndege huwatema. Basi msiseme, mdudu amekula, na mtu anaweza kula.

Tunda likiiva huwa la manjano au rangi ya chungwa, na laini, kama nyanya ndogo. Hapo linaweza kuliwa. Ndege hulila na kuzitupa mbegu zake mbali, na hivyo mmea huenea. Mtoto akilikuta limeiva kabisa, ale. La kijani asiguse, hata akiwa na njaa.

Tena wako ndugu wengine wa mmea huu, wazaliwa wa Afrika, ambao wataalamu huwaita Adenia. Sumu yao ni kali. Mahali pengine watu huitumia kuua samaki mtoni. Maua yao ni madogo ya kijani, tunda halina wavu, na likiiva hupasuka pande tatu. Hayo msionje kamwe, mabichi wala mabivu. Wafundisheni watoto hivi: tunda la porini lisilo na wavu, liache.

Wengine huchemsha majani ya mmea huu kumpa mtoto mwenye homa. Tunakataza. Homa hiyo yaweza kuwa malaria, na mtoto apimwe damu siku ileile. Mkisikia kwamba Ulaya watu hunywa dawa ya jamaa hii wapate usingizi, jueni kwamba hiyo ni aina nyingine.

Mtoto aliyekula tunda bichi akiumwa kichwa, akitapika, akihema upesi, akilegea au akishikwa na degedege, mleteni hospitali mara moja, usiku au mchana. Msimtapishe kwa nguvu. Msimpe mafuta wala maziwa. Unga aliotia Elisha chunguni ulikuwa muujiza wa Mungu, si dawa ya kuiga. Mlazeni kwa ubavu njiani, na mmoja wenu akate kipande cha mmea wenyewe, chenye jani na tunda, akilete pamoja naye, ili muuguzi ajue ni upi.