Dhima ya Mnyonge Kikosini: Pachirisu katika Mashindano ya Pokémon ya 2014

Makala hii inachunguza kigezo cha kumteua kiumbe anayepuuzwa katika mchezo wa Pokémon. Mwaka 2014, jijini Washington, D.C., Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kindi wa umeme ambaye jumla ya alama zake za msingi ni 405, ilhali Gyarados, mwenzake kikosini, ana 540.

Je, alibahatisha? La hasha. Katika pambano la wawili kwa wawili, Gyarados wa umbo la kawaida huumizwa na umeme mara nne zaidi. Pachirisu huyavuta kwake mashambulizi yanayomlenga mwenzake. Nao umeme unapompiga, badala ya kumdhuru humrudishia uhai. Hivyo Gyarados akasitiriwa, akapata fursa ya kushambulia.

Inabainika basi kwamba mnyonge hateuliwi kwa kuonewa huruma wala kwa kutafuta upekee. Sharti aliulizwe swali moja: anaziba pengo gani ambalo mwenye nguvu hawezi kuliziba? Pasipo jibu, aachwe. Ndivyo mhakiki wa fasihi ampimavyo mhusika msaidizi: kwa dhima yake katika kisa, si kwa wingi wa kurasa anamotokea.