Lijue Doa Kabla ya Kulipaka Dawa

Kabla hujatoa hela dukani, osha uso, chukua kioo, usimame dirishani mchana. Tazama doa lilivyokaa, maana kinachotibu doa moja huweza kuchafua jingine.

Vidoa vyeusi vilivyobaki pale palipokuwa na chunusi ni alama za jeraha. Ngozi nyeusi huvipata kwa urahisi, na kuminya chunusi huvizidisha. Tibu chunusi zenyewe kwanza. Krimu ya niasinamidi au asidi ya azelaiki husaidia; ipe miezi mitatu, hata sita. Adapaleni pia hufaa, ila mjamzito asiiguse.

Mabaka ya kahawia yaliyolingana mashavu yote mawili, kwenye paji au juu ya mdomo, mara nyingi ni melasma. Huwapata zaidi wanawake, hasa wajawazito na wanaotumia vidonge vya majira. Ni sugu, na jua likiipata hurudi. Hapa krimu ya kukinga jua ndiyo nusu ya tiba: SPF 30 au zaidi, ikiwezekana yenye rangi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaotia ngozi yetu weusi. Kamua mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, toka shinani hadi nchani. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Ukiwa juani, rudia kila baada ya saa mbili.

Vinundu vidogo vyeusi kama mbegu za papai, aghalabu mashavuni, hurithiwa na havidhuru. Krimu haviisikii. Usivifunge uzi wala unywele. Ukitaka vitoke, daktari wa ngozi huvichoma kwa umeme.

Sasa mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua, na hapa naomba unisikilize, dada yangu. Wiki za kwanza uso hung'aa kweli. Kisha steroidi iliyomo huifanya ngozi iwe nyembamba hadi mishipa ionekane, zebaki hushambulia figo, na haidrokwinoni ya muda mrefu huleta weusi wa kijivu-samawati mashavuni, mgumu mno kutoka. Mtu akiuona weusi huo huongeza mkorogo ili kuuficha, na ndipo unapozidi. Haidrokwinoni ni dawa mkononi mwa daktari, kwa kipimo na kwa muda mfupi. Kwenye kikopo kisicho na lebo ni hatari. Kama umeshazoea mkorogo, usiuache ghafla bila kumwona daktari, maana ngozi iliyozoea steroidi huwaka na kufura ikinyimwa.

Limao lisiguse uso. Likikutana na jua huunguza na kuacha doa jipya.

Doa moja likikua, likibadilika rangi au likitoa damu, nenda hospitali. Na baka lililopauka ambalo halihisi hata ukiligusa kwa pamba, liwahishe: huenda ni ukoma, na dawa zake hutolewa bure.