Dondoo muhimu: Kisu cha kukunja cha mfukoni na jikoni

Anayetaka kisu cha kukunja kimfae pia jikoni aanze na bapa. Sentimita 8 hadi 9 zinatosha kukatia vitunguu, kumenyea embe na kufungulia vifurushi. Opinel namba 8, kutoka kampuni iliyoanzia Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, ina bapa la sentimita 8.5, jembamba kiasi cha kupasua nyanya bila kuiponda.

Kufuli ndilo linalolinda vidole. Bapa lisilofungwa, likikwama ndani ya boga gumu, huweza kujikunja ghafla juu ya mkono. Tangu 1955 Opinel nyingi zimekuwa na pete inayozungushwa shingoni mwa mpini. Mnunuzi aifunge palepale dukani, kisha asukume mgongo wa bapa taratibu; likicheza, akirudishe kisu.

Chuma cha kaboni hunoleka upesi na hupata makali mazuri sana. Lakini ndimu hukitia weusi, na hewa ya chumvi ya Mombasa au Unguja hukiletea kutu kisipokaushwa na kupakwa mafuta ya kula. Kwa mkazi wa pwani, chuma cha pua ni bora zaidi.

Mpini wa mbao usilowekwe: huvimba, na bapa likagoma kufunguka. Kisu kilichokata nyama kisuguliwe kwa mswaki hadi ndani ya mfereji wa mpini, maana mabaki hujificha humo.

Kwenye ndege, kiwekwe katika begi linalopakiwa chini. Na Uingereza, kubeba hadharani kisu chenye kufuli bila sababu ya msingi ni kosa la jinai.