Mgongo Ukiuma, Kulala Sakafuni Si Tiba

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 41, nauza nyanya sokoni. Wiki mbili zilizopita niliinua tenga, kiuno kikanishika palepale. Mama mkwe amenitandikia mkeka sakafuni, anasema nilale chali nisiinuke mpaka maumivu yaishe, maana mgongo ukisumbuliwa unaharibika kabisa. Jirani anasema hizo ni figo. Duka la dawa wamenipa diklofenaki, nimeshamaliza pakiti mbili. Mume wangu anataka tuuze mbuzi twende mjini nikapigwe MRI. Nimsikilize nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada yangu. Kwanza kabisa, inuka kwenye huo mkeka leo hii, hata kama ni kwa kujikongoja. Mama mkwe wako ana nia njema, na jambo hilo hakulizua yeye. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari wenyewe, tena wa hospitali kubwa, waliwaagiza wagonjwa wa mgongo walale kitandani wiki nzima au zaidi, na agizo hilo likashuka majumbani likaota mizizi. Baadaye lilipimwa kwa utafiti, likashindwa. Wataalamu wameliacha, lakini majumbani bado linatawala, na linawanyang'anya watu kipato na nguvu za miili yao. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na hakuna ugonjwa unaowafanya watu wengi zaidi waishi na ulemavu. Inaumiza kuona sehemu ya ulemavu huo ikiongezwa na ushauri unaotolewa kwa upendo. Ndiyo maana nitalikalia jambo hili kwa kirefu kuliko mengine uliyouliza.

Mwaka 1986 Dk. Richard Deyo na wenzake huko Texas, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 203 wa mgongo. Kwa kupigiwa kura, baadhi yao waliambiwa walale siku mbili na wengine siku saba. Kama kulala kungekuwa dawa, basi waliopewa dozi kubwa wangepona vizuri zaidi. Haikuwa hivyo. Maumivu hayakutofautiana, wala uwezo wa kufanya shughuli za nyumbani. Walichotofautiana ni siku walizokosa kazini, ambazo kwa walioambiwa walale siku mbili zilikuwa pungufu kwa asilimia 45. Likabaki swali: je, hata hizo siku mbili zina faida? Jibu lilitoka Ufini mwaka 1995. Antti Malmivaara na wenzake waliwachukua wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliokuwa wamepatwa na maumivu ya mgongo, wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilale siku mbili, la pili lifanye mazoezi maalumu ya mgongo, la tatu liendelee na shughuli za kila siku kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Baada ya wiki 3, na tena baada ya wiki 12, kundi la tatu ndilo lililokuwa na hali nzuri zaidi. Waliochelewa kupona kuliko wote ni wale waliolala.

Sakafu nayo ina watetezi wake, wanaoamini kwamba ugumu wake hunyoosha mgongo. Nchini Hispania, Francisco Kovacs na wenzake waliwapa watu 313 wenye maumivu sugu ya mgongo magodoro ya aina mbili, magumu na ya ugumu wa wastani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba baada ya siku 90 waliolalia godoro la wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi kitandani na wakati wa kuinuka. Hakuna aliyelazwa sakafuni katika utafiti huo, lakini kama godoro gumu limeshindwa na la wastani, sioni hoja ya kumlaza mtu juu ya saruji. Usiku rudi kitandani kwako, ulale mkao wowote unaokupa usingizi; wengi hupata nafuu wakilala ubavu, magoti yamekunjwa kidogo na mto katikati yake. Na akitokea mtu wa kupendekeza mtoto apande akukanyage kiuno, kataa. Kama pana pingili iliyopasuka au kuliwa na ugonjwa, uzito huo unaweza kuleta madhara yasiyorekebishika.

Najua mama mkwe atakujibu kwamba fulani alilala mwezi mzima akapona. Sina sababu ya kumbishia, kwa sababu watu wengi wanaopatwa na maumivu mapya ya mgongo hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita, wakitibiwa au wasitibiwe. Kwa hiyo chochote mtu atakachokuwa akikifanya katika wiki hizo, iwe mkeka, mafuta ya kuchua, mizizi ya kuchemsha au sindano, ndicho kitakachobeba sifa ya kumponya. Aliyelala mwezi akapona hajui kwamba pengine angepona mapema zaidi akitembea. Ndiyo sababu tunawalinganisha watu wa makundi mawili walioanza wakiwa na hali moja, badala ya kutegemea simulizi ya aliyepona, hata akiwa mtu mkweli kuliko wote kijijini.

Utasema tena: daktari, nikisogea naumia, je, si ishara kwamba naharibu kitu? Hofu hiyo ndiyo inayowafunga watu wengi mkekani, na naielewa. Sitakuchosha kwa majina ya misuli na mishipa, kwa sababu kuyajua hakutakupunguzia maumivu. La kujua ni hili: kwa wagonjwa takriban 9 kati ya 10 hatuwezi kuonyesha kwa uhakika sehemu moja iliyoharibika. Mgongo umeshtuka, misuli imekaza, na mishipa ya fahamu imekuwa mikali kuliko kawaida, hivyo hata mwendo usio na madhara unauma. Ukali wa maumivu si kipimo cha ukubwa wa jeraha. Kulala, kwa upande wake, kuna madhara ya wazi. Mguu uliotolewa kwenye plasta huwa umekonda na kukakamaa hata kama mfupa umeunga vizuri. Misuli ya mgongo nayo hulegea vivyo hivyo isipotumika, na mtu anapoinuka baada ya wiki tatu huumia zaidi, kisha huchukua maumivu hayo kuwa ushahidi kwamba aliinuka mapema mno. Anarudi kulala. Hivyo ndivyo maumivu ya wiki chache yanavyogeuka kuwa ya miaka.

Kuhusu MRI, mwambie mume wako mbuzi abaki zizini kwa sasa. Kipimo hicho ni kizuri pale kinapohitajika, lakini kwa mtu asiye na dalili za hatari nitakazozitaja, mara nyingi kinaongeza hofu kuliko maarifa. Mwaka 1994 Maureen Jensen na wenzake waliwapiga MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 kati yao walikutwa na angalau diski moja, yaani mto mlaini ulio kati ya pingili, iliyovimba kutoka mahali pake. Watu wazima kabisa, wanaotembea na kufanya kazi zao! Diski huchakaa kwa umri kama ngozi inavyokunjamana. Ukipigwa leo, kuna uwezekano mkubwa karatasi ikasema diski imechakaa au imevimba, na neno hilo likakurudisha mkekani kwa hofu, ilhali pengine diski hiyo ilikuwa hivyohivyo mwaka jana ulipokuwa ukibeba matenga bila shida.

Jirani naye aache kukutisha na figo. Magonjwa mengi ya figo huenda kimya bila maumivu yoyote, na hugunduliwa kwa vipimo vya damu na mkojo. Figo inapouma, kwa kawaida huuma ubavuni chini ya mbavu, mara nyingi pamoja na homa, mkojo wenye damu au maumivu wakati wa kukojoa, na maumivu hayo hayabadiliki sana kwa kuinama au kugeuka. Kinachonihofisha zaidi kwa upande wa figo zako ni zile pakiti mbili. Diklofenaki inaweza kupunguza maumivu ya mgongo kwa kiasi, lakini ni dawa ya siku chache, kwa dozi ndogo inayotosha, baada ya kula. Ikiendelezwa bila usimamizi huweza kuchimba vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza hizohizo figo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, au mjamzito, asiinywe bila kumwona daktari. Usinunue pakiti ya tatu. Parasetamoli nayo usiitarajie makubwa: utafiti wa Australia wa mwaka 2014, uliohusisha wagonjwa 1,652, ulikuta kwamba walioinywa hawakupona mapema kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Sasa ufanye nini? Anza kwa kutembea nyumbani dakika tano, mara kadhaa kwa siku, na kila siku uongeze kidogo. Maumivu yakizidi, punguza, lakini usiache. Fanya kazi nyepesi za nyumbani, badilisha mkao mara kwa mara, usikae wala kusimama mahali pamoja muda mrefu. Kitambaa chenye joto kiunoni hakina ubaya, mradi kisikuunguze. Sokoni rudi mapema kadiri unavyoweza, ila matenga mazito wabebe wengine kwanza. Wewe gawanya nyanya katika ndoo ndogo, uzito ukiongezeka wiki hadi wiki. Na ukishapona usiache kutembea. Utafiti mwingine wa Australia, uliochapishwa mwaka 2024, uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona mgongo. Kwa walioelekezwa kutembea kwa mpango, nusu yao walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajarudi. Kwa wasioelekezwa, siku hizo zilikuwa 112. Kutembea hakuuzwi dukani. Hata kwa maumivu yaliyopita miezi mitatu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unahimiza elimu kwa mgonjwa na mazoezi, na hauungi mkono mikanda ya mgongo inayouzwa kwa bei kubwa.

Haya yote yanamhusu mtu asiye na dalili za hatari. Mwenye dalili hizo simwambii atembee polepole nyumbani, namwambia aende hospitali, na hapa sitaki mjadala wa kifamilia. Ukishindwa kukojoa, ukijikojolea au kujisaidia bila kujua, ukihisi ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au miguu ikipoteza nguvu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mishipa ya fahamu inabanwa, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuiokoa. Kungoja kuche, au kungoja mganga arudi safari, kunaweza kukufanya uishi na mpira wa mkojo maisha yako yote. Nenda pia bila kuchelewa kama umeanguka au kupata ajali, au kama maumivu yanaambatana na homa, jasho la usiku, kupungua uzito au kibyongo kinachojitokeza. Kifua kikuu hushambulia pingili za mgongo bila hata kikohozi, na kinatibika kwa dawa zinazotolewa bure; anayechuliwa mafuta miezi sita huku pingili zinaliwa huweza kufika hospitali akiwa amepooza. Mfugaji mwenye homa za kuja na kuondoka apimwe ugonjwa wa brusela. Aliyewahi kutibiwa saratani, mwenye VVU, mzee ambaye mgongo umeanza kumuuma uzeeni bila sababu, na mwanamume wa zaidi ya miaka 50 mwenye maumivu yasiyompa usingizi, wote hawa wapimwe, na mwanamume huyo aulizie pia tezi dume.

Wewe, dada, hujataja hata moja kati ya dalili hizo, na hilo linanipa matumaini makubwa. Lakini barua haiwezi kumpima mtu. Wiki hii nenda kituo cha afya, upimwe nguvu za miguu, mkojo na shinikizo la damu, na uwaambie wazi idadi ya vidonge ulivyokunywa. Kama ifikapo wiki ya sita hujaona nafuu ya kweli, rudi, uombe rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Na utakapokwenda, fuatana na mama mkwe, asikie mwenyewe kutoka kwa mhudumu kwamba mgongo wako haujavunjika na kwamba kutembea hakutauvunja. Ukiwa na mtu wa nyumbani anayekuhimiza kuinuka badala ya kukutandikia mkeka, utapona mapema zaidi.