Kisiwa Kilipokosa Wageni

Wengi wetu hapa Dodoma hatujapata kuiona bahari. Walakini mambo ya Unguja katika mwaka 2020 nayajua, kwa kuwa yalifika mpaka kijijini kwetu. Kaka yangu alikuwa mpishi katika hoteli moja huko Nungwi, na kila mwezi alituletea fedha za chakula na za daftari zangu.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Siku chache baadaye ugonjwa ukaonekana Zanzibar, na ndege za watalii zikazuiwa. Mwaka 2019 kisiwa kilikuwa kimepokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 hawakutimia nusu ya hao.

Huenda msomaji akadhani ya kuwa wapishi na madereva tu ndio waliopata hasara. Sivyo. Kaka alinieleza habari za wavuvi wa pweza. Hoteli ziliwanunua pweza wao kwa bei nzuri. Zilipofungwa, wavuvi wote walikwenda soko moja, na wanunuzi wa soko lile walikuwa ndio wale wale waliokosa mishahara ya hoteli. Bei ikashuka, na hata hiyo bei ndogo watu hawakuiweza. Mchele nao, ambao mwingi hutoka ng'ambo, haukungoja. Baadhi ya wanawake wa pwani ya mashariki wakarudia kulima mwani, ingawa bei yake ni ndogo.

Sisi Wagogo tunaijua njaa ya namna nyingine. Katika Mtunya, miaka ya 1917 mpaka 1920, vita vilikuwa vimekula ng'ombe na nafaka, mvua ikakosekana, na homa ya mafua iliyozunguka dunia ikaongeza vifo. Wakati ule chakula chenyewe hakikuwako. Unguja samaki walikuwamo baharini na unga dukani. Kilichokosekana ni fedha.

Kaka alirudi na mfuko mmoja, akatukuta tunavuna mtama. Watalii waliruhusiwa tena mwezi Juni, lakini yeye aliitwa kazini mwaka uliofuata, kwa nusu ya mshahara. Mwaka 2022 wageni walizidi wale wa 2019, na mshahara wake ukarudishwa. Hata hivyo kila ajapo likizo hununua mbuzi mmoja na kumwacha kwa baba. Sasa wamekuwa saba.